Kichupa cha Nyongo

Farasi hana nyongo. Ini analo, tena kubwa, lakini kale kafuko ka kijani kanakoning'inia kwenye ini la ng'ombe, la mbuzi, hata la kuku, yeye hana. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili asitokee mtu wa kuniambia kwamba hata mtoto wa mwaka wa kwanza wa chuo analijua. Nimeshaambiwa.

Mimi sikulijua. Kidato cha nne nilipata C ya Baiolojia, na sikuibia. Tulisoma panzi, tukasoma mende, tukachora ua na kulipaka rangi. Farasi hatukusoma. Farasi wa Karatu walikuwa kule juu, kwenye mashamba yanayopakana na msitu, wakipandwa na wageni waliokuja kuangalia nyati kwa mbali. Nilikuja kuwajua baadaye, nilipoolewa. Baba mkwe wangu alikuwa msimamizi wa mabanda yao, na mtoto wangu alipotimiza miezi minne aliniombea kazi ya kuwaogesha na kuwachana.

Baba mkwe ni Mmasai wa upande wa Oloipiri, aliyeshuka Karatu zamani kutafuta kazi. Mimi ni Mmbulu, mtoto wa wakulima wa mahindi na maharage. Siku naingia kwao kama bibi harusi niligoma mlangoni kama inavyotakiwa, hadi aliponiahidi ng'ombe ndipo nikavuka kizingiti. Tangu hapo tunaitana Pakiteng, mimi na yeye, kwa sababu ya ng'ombe huyo. Kwa heshima hiyo sijawahi kumwita jina lake, na yeye hajawahi kuniita langu.

Mume wangu analinda maduka Wasso. Anakuja nyumbani likizo ikipatikana na basi likipatikana, na vyote viwili ni nadra kukutana. Kwa hiyo ninaishi kwa wakwe na mtoto. Sisemi ni wabaya. Nasema tu kwamba ukiwa mke wa mtu asiyekuwepo, hata chumvi unaomba ruhusa.

Ndipo akaja mtafiti.

Alikuwa Mtanzania mwenzetu, mwalimu wa chuo, daktari wa wanyama aliyeacha kutibu akawa anapima. Alikodi vyumba vitatu Karatu mjini, akaweka mashine, majokofu na wanafunzi wawili, wa kike na wa kiume. Mara ya kwanza alipanda kwetu kuchukua damu ya farasi. Mimi ndiye niliyewashika vichwa, na nikamuuliza damu ni ya nini. Wenzangu walinikanyaga mguu ili ninyamaze, lakini yeye alifurahi kuulizwa. Akanieleza akiwa amesimama kwenye samadi na viatu vyake vizuri.

Alisema hivi: kila sehemu ya mwili wa farasi ina jeni zilezile. Moyo una maelekezo yaleyale yaliyo kwenye ini, kwenye ngozi, kwenye kwato. Kinachotofautisha ni jeni gani zinasema na zipi zimenyamaza. Na katika vinavyozinyamazisha, kuna vipande vidogo sana vinaitwa maikro-RNA. Haviui jeni wala kuifukuza. Vinaukamata ujumbe wake njiani usifike.

Nikamwambia, "Kama mama mkwe akiingia jikoni."

"Vipi?"

"Hafukuzi mtu. Anakaa tu kwenye kigoda, na maneno yaliyokuwa yanataka kutoka hayatoki."

Alicheka mpaka farasi akashtuka. Akaniambia ana mpango wa kukusanya vipande vya viungo vyote vya farasi mwenye afya, apime kila kiungo kina vinyamazishaji gani, maana kila kiungo kina vyake na unaweza kukitambua kwa hivyo. Tatizo, farasi mwenye afya hafi ovyo. Ikitokea mmoja ameumia na lazima achomwe sindano, kuna nusu saa tu kabla ujumbe ule haujaanza kuoza. Anahitaji mtu wa hapohapo bandani, mwenye mwandiko unaosomeka. Akaniangalia. "Sampuli za kwanza zikiwa safi," akasema, "kuna nafasi ya msaidizi ofisini kwangu, mwaka mzima. Mtoto njoo naye. Kuna chumba cha nyuma."

Chumba cha nyuma. Nililala na hayo maneno kwa wiki kadhaa. Mwaka mzima wa kazi ya kichwa, mjini, mtoto akiwa mlango wa pili, na mimi nikipika chumvi yangu mwenyewe. Sikutaka kingine chochote.

Orodha aliituma kwenye simu. Viungo ishirini na nane, kila kimoja na namba yake. Aliniagiza niandike vichupa vyote mapema kwa penseli, kwa sababu wino unafutika kwenye baridi kali ya kuhifadhia, na siku ikifika asionekane mtu anaandika. Niliandika jioni moja kabla jua halijazama, mtoto akivuta mguu wa suruali yangu. Namba kumi na moja, ini. Namba kumi na mbili, nyongo. Namba kumi na tatu, kongosho. Nilipofika kwenye nyongo mkono haukusita. Nimekua nikiona mbuzi wakichinjwa. Jambo la kwanza mtu anakuonya ni usiipasue nyongo, utaharibu nyama. Ingekuwa orodha haina nyongo ndiyo ningeshtuka.

Farasi aliyekufa alikuwa jike la kijivu, mzee kidogo, mwenye tabia ya kunipumulia shingoni nikimchana. Alikuwa amembeba mgeni pembezoni mwa msitu, hatua chache nyuma ya mabanda, mguu wa mbele ukaingia kwenye shimo la ngiri. Mgeni alipona. Farasi aliachwa amelala palepale, mfupa umetokeza, na daktari wa farasi akasema hakuna la kufanya. Bosi mwenye farasi akampigia mtafiti. Akafika na wale wanafunzi wawili na mtungi wa naitrojeni, mfano wa ile inayobebea mbegu za ng'ombe wa kisasa, unatoa moshi mweupe ukifunguliwa.

Sindano ikachomwa. Mwanafunzi wa kiume akawasha saa ya simu.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba wanafunzi hawajawahi kufungua mnyama mkubwa hivyo. Wa kiume alikishika kisu kama anayepaka siagi. Mtafiti mwenyewe alikuwa kichwani na msumeno, anatafuta ubongo. Akapaza sauti, "Nani hapa anajua kuchinja?"

Sote tukamgeukia baba mkwe. Alikuwa amesimama mbali kidogo na fimbo yake, uso ameugeuza.

"Pakiteng," nikamwambia, "tusaidie."

"Huyu haliwi."

"Hakuna anayemla. Wanapima tu."

"Ni punda aliyekwenda shule," akasema. "Nikimpasua punda, nikirudi nyumbani nitasema nini?"

"Sema umempasua mwanafunzi."

Mdomo wake ulicheza kidogo. Akavua shuka la juu, akanikabidhi fimbo, akachukua kisu.

Sijaona mtu anafungua mnyama kwa ustadi ule. Hakuhitaji orodha. Kwao kila kipande cha mnyama kina mwenyewe tangu kabla hajachinjwa: hiki cha wazee, hiki cha akina mama, hiki cha aliyechinja. Mikono yake ilikuwa inatafuta wenyewe. Mimi nilitaja namba, yeye akakata kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, nikakipokea kwenye kichupa, nikafunga, mwanafunzi wa kike akakitumbukiza mtungini. Moyo. Mapafu. Wengu. Figo. Ini.

"Kumi na mbili, nyongo," nikasema.

Akapeleka mkono nyuma ya ini. Akautoa. Akaupeleka tena.

"Iko wapi?"

"Itafute vizuri, Pakiteng."

"Unanifundisha ini?" Akaligeuza ini lote, akalilaza upande huu, akalilaza upande ule. "Kuna mtu amemfungua huyu kabla yangu?"

"Dakika kumi na tisa," mwanafunzi wa kiume akasema.

"Basi ruka," nikamwambia. "Tuende kumi na tatu."

Akaniangalia kama niliyemtukana. "Kichupa kimeshaandikwa jina. Nimrudishie mtu chombo kitupu?"

Wakati huohuo mtoto akaanza kulia. Mama mkwe alikuwa naye kwenye stoo ya majani, kwa sababu mtafiti hakutaka mtoto karibu na ule moshi. Nilikuwa sijamnyonyesha tangu asubuhi. Maziwa yakaja yenyewe, yakalowesha kifua chote mbele za watu. Nikakimbia stoo, nikamwomba mama mkwe amchovyee kidole kwenye uji, nikajifunga kanga kifuani, nikarudi mbio. Sidhani kama zilipita dakika mbili. Nilikuta kichupa cha kumi na mbili kimeshafungwa, ndani kuna kitu cha rangi ya manjano inayoelekea kijani, na mwanafunzi wa kike anakiangalia anangoja.

"Imepatikana?" nikauliza.

"Weka," baba mkwe akasema.

Nikaweka. Nikapiga alama ya vema kwenye orodha. Hilo ni langu na silikatai: sikuuliza mara ya pili. Tulimaliza dakika mbili kabla ya nusu saa, mtafiti akatushika mikono sote, akasema hajawahi kuona kazi safi namna ile.

Kisha kimya. Miezi. Nilikuwa nikishuka mjini kununua sabuni, napita mbele ya ile ofisi makusudi, taa zinawaka, mashine inavuma. Nikimkuta ananiambia, "Bado tunasoma matokeo, dada." Mtoto akaanza kusimama. Akaanza kushika ukuta. Bado wanasoma.

Siku aliyopiga simu nilikuwa nachota maji ya farasi.

"Namba kumi na mbili ni nini?" akaniuliza bila salamu.

"Nyongo."

"Ni utumbo mwembamba. Vile vinyamazishaji vilivyomo ni vya utumbo, vimejitaja vyenyewe. Farasi hana nyongo, dada. Hata mtoto wa mwaka wa kwanza anajua."

Ndoo ilikuwa mkononi. Niliiweka chini polepole, maana nilikuwa najijua.

"Nyongo ilikuwa kwenye orodha yako," nikasema.

"Orodha ilikuwa ya kukuongoza tu. Wewe ndiye uliyekuwa na vichupa. Ulipoona hakuna, ungeacha wazi. Mtu akiandika nyongo kwenye utumbo, hizo nyingine ishirini na saba nitaziaminije?"

Nikamwambia tena orodha ni yake. Akasema tusilumbane. Nikamwambia mara ya tatu. Akasema ile nafasi ya msaidizi haitawezekana tena, na kwamba nipite ofisini kusaini barua fupi, ya kumbukumbu tu, kueleza kwamba nilikosea kuandika vichupa.

Niliigeuza ndoo nikaikalia, nikafungua simu. Orodha yake ilikuwepo, na siku aliyoituma. Nikaisoma mstari kwa mstari kwa mara ya kwanza kama polisi. Chini kabisa kulikuwa na namba zilizorukwa, ishirini na tisa mpaka thelathini na mbili, kisha maneno yaliyosahaulika: "matumbo manne, yaondolewe." Ilikuwa orodha ya ng'ombe. Alikumbuka kuyatoa matumbo manne, nyongo akaisahau palepale, halafu akamtafuta mtu wa kusaini.

Asubuhi ya pili nilimfuata baba mkwe zizini. Si adabu mkwe kumhoji mzee, nalijua hilo, nikasimama upande wa pili wa ua wa miba nikamhoji.

"Pakiteng, kwenye kile kichupa ulitia nini?"

Hakuacha kumkamua ng'ombe anayempenda, yule anayekataa kukamuliwa na wanawake. "Nilitafuta, haikuwepo. Nikakata pale ambapo ingekuwepo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Chombo ni cha mgeni. Jina la nyongo limeandikwa juu. Kwetu mtu akikuletea kibuyu cha maziwa, humrudishii kitupu. Huna kitu, unatia majani mabichi. Nikamtilia."

Hasira yangu ilizidi kwa sababu nilimwelewa. Mama yangu mzazi, kule kwetu kwenye mashamba, hajawahi kurudisha sahani ya jirani bila mahindi mawili juu yake. Ningelelewa na watu wasio na adabu, leo ningekuwa na kazi.

"Wanasemaje huko mjini?" akauliza.

"Wanasema mimi ni mwongo. Kazi hakuna. Wanataka nisaini."

Alikamua mpaka mwisho. Akampa ndama nafasi yake. Akasema, "Kesho usiende kwa farasi."

Kesho yake alivaa shuka jipya na koti lake la mikutano. Tukashuka mpaka njia panda, tukapanda gari la vitunguu lililokuwa linatoka bondeni kwenda mjini, yeye mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia na mtoto mgongoni. Ofisini mtafiti alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika kwamba punda ana nyongo?"

Mwanafunzi wa kiume akainamia kompyuta yake ghafla.

"Farasi, mzee. Ni kosa dogo la orodha—"

"Nyongo uliandika wewe. Kipande nilitia mimi. Huyu alibeba vichupa, akakimbia kunyonyesha, akarudi. Katika sisi watatu mwongo ni yupi?"

"Hakuna aliyesema mwongo, mzee wangu. Kaa kwanza, karibu chai."

"Sijaja kunywa chai. Mwongo ni yupi?"

Mtafiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ni kosa langu la orodha," akasema. Akamwambia yeye. Hakuniambia mimi.

Nilimwambia maneno hayohayo mara tatu kwenye simu. Mara tatu. Yalikuwa kweli kabla hayajavaa shuka na kushika fimbo. Nilisimama pale mtoto ananivuta hereni, nikahisi nataka kuipindua ile meza na mashine zake. Badala yake nikauliza kitu nilichokuwa sijapata nafasi ya kuuliza.

"Hizo nyingine ishirini na saba zikoje?"

Mtafiti akafungua mdomo, mwanafunzi wa kike akamtangulia. "Zote safi, dada. Moyo unasema moyo, ini linasema ini, figo figo. Tulizipima zote pamoja, hata kongosho ambalo huwa linatusumbua kuoza halijaoza."

"Lini mlipima?"

Akamwangalia mwalimu wake, akanyamaza. Mama mkwe alikuwa ameshaingia jikoni.

Kama zilipimwa pamoja, basi mtafiti alijua. Siku ananiuliza ataziaminije, alikuwa ameshaziamini. Aliona kosa lake, akaona litakaa vizuri zaidi kwenye mwandiko wangu.

Barua ilikuwa mezani, imeshachapwa, pana nafasi ya sahihi. Niliisukuma kwake. "Andika wewe," nikasema. "Andika: orodha ilikuwa na kosa, na orodha ni yangu."

"Haitakuwa na haja. Tutarekebisha kwenye kompyuta tu." Akaichukua, akaichana vipande vinne, akavitia kwenye kapu. "Jumatatu unaweza kuanza. Njoo na mtoto."

Baba mkwe akanigonga bega kwa ncha ya fimbo, maana yake twende. Nilitaka kukataa. Nilitaka sana. Nikakifikiria chumba cha nyuma, nikasema, "Jumatatu saa ngapi?"

Tukarudi kwa miguu mpaka njia panda. Mzee akasimama katikati ya barabara ya vumbi.

"Na punda wa kwetu?"

"Naye hana."

"Miaka yote hiyo nimefuga punda." Akatikisa kichwa, akaendelea kutembea. "Miaka yote hiyo."

Nimeianza kazi na bado ninaifanya. Mtoto anatembea sasa, ameshavunja kikombe kimoja cha mtafiti na hakuna aliyemkaripia. Vichupa naviandika mimi, orodha inapita kwangu kwanza, na kabla ya kuandika neno lolote ninauliza hata lile ninaloona aibu kuuliza.

Lakini nyongo haikutoka. Nilimwomba aifute na namba zisogee. Akasema haiwezekani, kompyuta imeshapangwa kwa namba zile, ikisogezwa moja zote zinaharibika. Kwa hiyo kila sanduku la farasi lazima liwe na kichupa cha kumi na mbili, na kwa kuwa hakina cha kuwekwa, kiandikwe "hakuna". Na anayeandika ni mimi, kwa penseli, kwa mwandiko wangu unaosomeka. Mwezi uliopita aliletwa farasi mwingine aliyevunjika nyonga. Baba mkwe alikata, mimi nikapokea. Tulipofika namba kumi na mbili alikiangalia kile kichupa, akaniangalia.

"Bado mnampelekea mtu chombo kitupu?"

"Bado, Pakiteng."

Akang'oa jani moja la nyasi karibu na goti lake, akalishika muda mrefu juu ya mdomo wa kichupa, kisha akalitupa. Nikakifunga.